Hapa Kenya, nani hupanga mshahara wa MCA, mbunge na gavana, na nani huupitisha?

Nyakio_wa_Chama

Hamjambo wote, naomba msaada hapa, kwa sababu tangu juzi sijapata jibu la kunitosha. Sisi tuko na chama cha akina mama, tuko kumi na wanne, tunakutana kila mwezi, na mwenzetu mmoja ametangaza atasimama MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, 2027. Tumefurahi sana na tutamuunga mkono. Sasa kwa mkutano uliopita kuna mama mmoja mzee, huyo ni mtu wa maswali, akamuuliza, "Mwanangu, hiyo kazi unaiomba utalipwa pesa ngapi na ni nani atakupangia?" Mwenzetu akasema hesabu kamili haijui lakini MCA huwa wanakaa kwa bunge lao la kaunti wanapitisha wenyewe. Mwingine akasema hapana, gavana ndiye huwapangia, ndio maana wanamwogopa. Wa tatu akasema ni rais. Tukabishana mpaka chai ikapoa na ajenda ya mikopo hatukuigusa.

Nilipofika nyumbani nikaanza kujisomea nikachanganyikiwa zaidi. Kwa gazeti naona mshahara wa mbunge ni laki saba na kitu, kwa redio mtu anasema wanabeba zaidi ya milioni. Halafu 2024 wakati wa maandamano tuliambiwa nyongeza imesimamishwa, sasa kama walijiongeza wenyewe nani aliwasimamisha, na kama hawakujiongeza ni nani alikuwa amewaongeza?

Naomba mwenye kuelewa anieleze polepole. Nani hupanga, nani hupitisha, na sisi watu wa kawaida tuko na mahali pa kusema neno kabla haijapita ama huwa tunaskia tu ikishapita. Nitawasomea wenzangu mkutano ujao kwa hivyo tafadhali msiniandikie ya kubahatisha.

OtienoFundi

Dada yangu usijisumbue sana, hao hujiongezanga wenyewe. Watakwambia kuna tume ya kupanga mishahara lakini mimi nakumbuka 2013 kama jana. Tume ilikuwa imesema mbunge apate 532,500 na bunge lililotangulia lilikuwa likilipwa 851,000, basi hao wapya hata viti havijapata joto wakaanza kelele kwamba hawawezi kuishi na pesa kidogo hivyo, na mwezi wa Mei wakakaa pale bungeni wakapiga kura ati notisi za tume zifutwe. Watu waliandamana, nguruwe wakaletwa mpaka nje ya bunge, damu ikamwagwa pale langoni, polisi wakarusha gesi. Mwishowe Juni wakakubali ule mshahara wa chini lakini kila mmoja akapewa milioni 5 ya gari. Sasa niambie hapo nani alipanga na nani alipangiwa.

Mimi ni fundi wa vyuma, kama mteja amenipa kazi siwezi kuingia kwa mfuko wake nijilipe vile naona inanifaa. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Karani_Mstaafu

Nyakio, umeuliza vizuri na nitakujibu kwa urefu, tafuta kiti. Otieno, yote uliyosema kuhusu 2013 yalitokea, sikatai hata moja, lakini ukiangalia vizuri utaona kwamba mshahara wenyewe walishindwa kuubadilisha, na kwa nini walishindwa ndio jibu la swali la dada hapa.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Kabla ya katiba ya 2010 hiyo kauli yako ingekuwa kweli kabisa. 1999 katiba ya zamani ilirekebishwa ikaundwa tume ya huduma za bunge, na ikawa bunge linajiendeshea mambo yake pamoja na malipo. Kukawa na jopo la Jaji Cockar, baadaye la Jaji Akiwumi, yanatoa mapendekezo, lakini mapendekezo yanarudi kwa nani? Kwa wabunge wenyewe. Yale ya kuwapa yanapita, yale ya kuwanyima yanalala. Ndipo tukafika kwa hizo 851,000 ambazo 200,000 tu ndio ilikuwa mshahara wa kukatwa kodi, zile 651,000 zilizobaki zilikuwa posho na hazikukatwa hata senti. Mwalimu anakatwa, askari anakatwa, mbunge anabeba posho nzima. Wakati wa kuandika katiba mpya watu walikuwa na hasira ya hilo jambo, na hasira hiyo imeandikwa mle ndani.

Ibara ya 230 ndiyo iliunda Tume ya Kuratibu Mishahara na Marupurupu, ile tunaita SRC. Ina kazi mbili na msizichanganye. Kazi ya kwanza ni KUPANGA na kupitia mara kwa mara mshahara na marupurupu ya maafisa wa serikali. Kazi ya pili ni KUSHAURI serikali kuu na za kaunti kuhusu mishahara ya watumishi wengine wote wa umma. Maafisa wa serikali wameorodheshwa Ibara ya 260: rais na naibu wake, mawaziri, makatibu, wabunge, maseneta, majaji, magavana na manaibu wao, MCA, mwanasheria mkuu, makamishna wa tume, mkuu wa majeshi na wengine wa ngazi hizo. Mwalimu, nesi, karani kama nilivyokuwa mimi, hao si maafisa wa serikali, hao ni watumishi wa umma, wao wana vyama vyao vinakaa mezani na mwajiri na tume inatoa ushauri.

Kwa hivyo mwambie mama mzee wenu hivi: MCA hajipangii, gavana hampangii, rais hampangii. Anapangiwa na SRC, na huyo gavana mwenyewe na huyo rais mwenyewe wanapangiwa na hiyo hiyo SRC.

Sasa inapangwaje. Tume haikai tu ikachukua kalamu. Kila takriban miaka 4 hufanya mapitio. Wanaipima kazi yenyewe kwanza, uzito wake, maamuzi yake, majukumu yake, si mtu aliyeikalia, halafu wanaiweka kwa ngazi ili kazi mbili zinazolingana uzito zisitofautiane sana malipo. Wanaangalia hali ya hazina. Katiba imewapa mambo ya kuzingatia na la kwanza kabisa ni kwamba jumla ya mishahara ya umma lazima iwe ni kitu nchi inaweza kubeba, halafu kuvutia watu wenye ujuzi, kutambua utendaji, na uwazi na usawa. Wakishapata mapendekezo wanayatangaza na kuita maoni, kama walivyofanya 2023 kabla ya nyongeza ile. Baada ya hapo wanachapisha kwa gazeti rasmi la serikali. Hapo ndipo inakuwa imepangwa. HAIENDI bungeni kupigiwa kura. Hiyo sehemu watu wengi hawajui na ni muhimu sana.

Bunge linaingia kwa njia moja tu, kupitisha bajeti, manake pesa yoyote ya serikali ni lazima itengwe. Lakini kutenga pesa si sawa na kupanga kiwango. Kiwango kinakuja kimeshaandikwa, wao wanatafuta za kukilipa.

Kitu kingine, angalieni miaka. Machi 2013 viwango vilichapishwa siku chache kabla ya kura. 2017 vilitoka Julai, kura ilikuwa Agosti. 2022 tena vilitoka wiki chache kabla ya kura. Si bahati hiyo. Kiti kinawekewa bei kabla ya mtu kukikalia, ili anayeomba kazi aombe akijua, na asiyeridhika asiombe. Mwenzenu akingoja mpaka aapishwe ndio aulize mshahara atakuwa amechelewa, na nyinyi pia mtakuwa mmechelewa.

Nyakio_wa_Chama

Karani Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Hapo kwa "haiendi bungeni" nilisimama nikasoma tena kwa sababu mimi miaka hii yote nilidhani inapigiwa kura usiku.

Lakini sasa hiyo milioni inatoka wapi? Na MCA kwa hiyo orodha ya tume yuko ngapi?

Karani_Mstaafu

Kwa gazeti rasmi la Agosti 2023, mbunge alitoka 710,000 akaenda 725,502 kuanzia Julai 2023, na ilikuwa apande tena hadi 739,600 Julai 2024. MCA alitoka 144,375 hadi 154,481, na Julai 2024 ilikuwa awe 164,588. Gavana alikuwa afike 990,000 kutoka 957,000. Hiyo yote ni kabla ya makato, na wanakatwa kodi kama wewe, Ibara ya 210 imekataza sheria yoyote ya kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya kiti chake.

Ile hatua ya Julai 2024 ndiyo ilisimamishwa. Vijana walikuwa barabarani kupinga mswada wa fedha, nchi imeumia, watu wamezikwa, halafu ikajulikana wakubwa wanaongezwa mwezi huo huo. Nyongeza haikuwa imeamuliwa wiki hiyo, ilikuwa imekaa kwa gazeti karibu mwaka mzima na hakuna aliyeisoma. Rais aliagiza hazina iiangalie upya, lakini aliyeisimamisha ni tume yenyewe, Julai 3. Hata rais hana mamlaka ya kuamka asubuhi akafuta kiwango cha mtu.

Hiyo milioni nitawaachia mwenye hesabu, kuna mtu hapa alifanya kazi mahali karibu na hizo karatasi.

Mhasibu_Zamani

Karani ameniita. Nilifanya uhasibu kwa bunge la kaunti moja, siitaji, kwa miaka sita. Nitasema nilichokiona na macho yangu.

Ndugu zangu mshahara si tatizo. Mshahara umeandikwa, unaingia tarehe ile ile, unakatwa kodi, ukitaka kujua unasoma gazeti. Shida iko kwa posho. Kuna posho ya kikao cha kamati. Kuna mileji, hiyo ni pesa ya mafuta kwa kilomita kutoka kwa wadi ama eneo bunge. Kuna pesa ya kulala nje wakiwa safarini. Kuna safari za mafunzo. Kiwango cha kila moja kimewekwa na SRC vizuri kabisa, kwa kila kikao ni hivi, kwa kila usiku ni hivi. LAKINI tume haihesabu vikao. Tume haihesabu kilomita. Anayehesabu ni mtu wa ndani, na mtu wa ndani ana mkubwa wake, na mkubwa wake ni hao hao wanaoomba kulipwa. Kiwango kikiwa elfu kadhaa na vikao viwe vinane mwezi, ni kitu kidogo. Kiwango hicho hicho na vikao thelathini, umeshapata mshahara wa pili. Ndipo laki saba inageuka milioni, na huko kwa kaunti laki moja na nusu inageuka mara mbili, na ukimwuliza mtu wa tume atakwambia kweli kabisa kwamba hajaongeza mtu yeyote.

Nakumbuka siku moja niliweka karatasi mbili za mahudhurio mezani, kamati mbili tofauti, moja imekaa pale makao makuu ya kaunti na nyingine iko hotelini kaunti nyingine mbali sana, siku moja, saa moja, na mheshimiwa mmoja amesaini zote. Nilizirudisha na maandishi kwamba siwezi kuzipitisha mpaka nielezwe. Nilielezwa kwa njia nyingine, wiki iliyofuata nikahamishwa kutoka uhasibu nikapelekwa stoo kuhesabu viti na tona za printa. Nilikaa huko miezi kumi na moja. Sikurudishwa mpaka kulipobadilika uongozi. Nilikuwa na watoto shuleni, sikuacha kazi, lakini sijasahau.

2022 SRC ilifuta posho ya kukaa kikao cha bunge zima, ile wabunge walikuwa wanalipwa 5,000 kila kikao kwa kuja kufanya kazi ambayo tayari wanalipwa mshahara kuifanya. Ilikuwa hatua nzuri na mimi nilishangilia. Za kamati zikabaki, na kamati ndizo hazina macho ya watu, hakuna kamera, hakuna anayejua mlikaa dakika arobaini ama dakika tano.

Kwa hivyo mama, mwenzenu akichaguliwa msimuulize mshahara wake, huo mtausoma. Muulizeni amekaa vikao vingapi mwezi huu na vilizungumzia nini.

OtienoFundi

Mhasibu pole sana. Hiyo ya stoo imenikaa kooni.

Lakini si mnaona basi? Mnasema hawajipangii, halafu mnasema wanahesabu vikao wenyewe. Kwangu mimi hiyo ni kujipangia. Na swali langu lingine, hao makamishna wa SRC waliteuliwa na nani? Bunge si ndilo hupitisha majina yao? Mtu anayepitishwa na wewe atakukata mshahara kweli?

Wakili_Kijana

Nimefuatilia kimya lakini hapa niingie kwa sababu swali la Otieno ni la maana na halijajibiwa.

Ndio, mwenyekiti anateuliwa na rais na bunge la taifa linaidhinisha. Wengine wanapendekezwa na mashirika mbalimbali: tume ya huduma za bunge ina mtu wake, ya utumishi wa umma, ya mahakama, ya walimu, ya polisi, baraza la ulinzi, seneti kwa niaba ya kaunti, halafu vyama vya wafanyakazi, waajiri, vyama vya wataalamu, hazina na mwanasheria mkuu nao wana watu wao. Kwa hivyo tume ya bunge ina kiti kimoja kati ya vingi. Lakini kinga kubwa ni hii, kamishna anahudumu kipindi kimoja tu cha miaka 6 na harudi tena. Hana kura ya pili ya kuomba. Na wakiwa ofisini huwezi kuwapunguzia mshahara kuwaadhibu. Ndio maana Sarah Serem, mwenyekiti wa kwanza, aliweza Julai 2017 kutoka mbele ya nchi na kusema mbunge ashuke kutoka 710,000 hadi 621,250 na rais ashuke kutoka milioni 1.65 hadi milioni 1.44. Mtu anayetafuta muhula wa pili hawezi kusema hivyo.

Wabunge wakachukia sana. Walienda mahakamani. Na baadaye walijaribu mlango wa nyuma na hapo Otieno utaona kwa nini nasema ile sheria ina meno. 2019 tume ya huduma za bunge, ambayo spika ndiye mwenyekiti wake na wanachama wake karibu wote ni wabunge, iliamua kuwapa wabunge posho ya nyumba ya 250,000 kila mwezi. Haikupitia SRC. Hoja yao ilikuwa kwamba bunge ni mkono huru wa serikali, linajiendeshea mambo yake, na marupurupu ya kumwezesha mbunge kufanya kazi ni mambo yake. SRC ikaenda mahakamani na wanaharakati nao wakaenda, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema hiyo posho ni haramu, mwenye kupanga ni SRC peke yake, na pesa zilizolipwa zirudishwe.

Ukitaka kujua ugomvi wote wa nchi hii kuhusu mishahara ya waheshimiwa uko wapi, uko kwa mpaka kati ya hizo tume mbili. Moja inasema "hili ni malipo," nyingine inasema "hapana, hili ni vifaa vya kazi." Gari ni malipo ama kifaa? Mafuta je? Nyumba? Kila bunge jipya linakuja na kitu kimoja linataka kukihamisha kutoka upande wa malipo kwenda upande wa vifaa. Ile milioni 5 ya gari ya 2013 ilipita hivyo hivyo, mshahara haukuguswa lakini kitu kingine kikaongezwa kando.

Na kuna ibara moja watu hawaizungumzii kabisa, 116(3). Inasema sheria yoyote inayowapa wabunge faida ya pesa moja kwa moja haitaanza kutumika mpaka baada ya uchaguzi mkuu unaofuata bunge lililoipitisha. Yaani hata wakijitungia sheria ya kujiongeza leo, watakaokula ni wengine. Mimi naiona kama mojawapo ya sentensi bora kabisa katika katiba yetu. Isipokuwa inashika SHERIA tu. Uamuzi wa kikao cha tume yao ya ndani si sheria, na ndio maana 2019 walipitia huko na sio kwa mswada.

OtienoFundi

Sawa wakili, hiyo ya kipindi kimoja sikuijua, na ya mahakama nilisikia ikapita nikadhani iliishia hapo. Nakubali mshahara hawajipangii. Lakini sibadilishi neno langu kwa posho.

Na hizo pesa za nyumba, zilirudishwa zote?

Wakili_Kijana

Amri ilitoka kwamba zikatwe kwa malipo yao. Kuamriwa na kulipa ni vitu viwili na mimi siwezi kukuandikia hapa kwamba kila mmoja alilipa kila shilingi. Hilo ni jambo la mwananchi yeyote kuuliza kwa barua, Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

ShangaziWaPwani

Salaam aleikum jamani. Mimi nataka kusema upande wa pili kidogo msije mkanila. Ndugu yangu mmoja alikuwa MCA kipindi kimoja. Ile 2013 walipoanza walikuwa wanapata chini ya laki moja, wakagoma wakapiga kelele na sisi tukawalaani. Lakini nyumbani kwake alfajiri hakulaliki. Mtu ana maiti hospitali, mtu ana mtoto karo, mtu hana unga, harusi, mazishi, matanga, madrasa, harambee ya kanisa na msikiti. Sisi wenyewe tukimwona tunasema mheshimiwa wacha kitu hapa. Hakuna tume inayoweka hiyo kwa hesabu. Sasa alitoka ana deni na gari limeuzwa.

Sisemi waibe posho, haki ya Mungu aliyesaini karatasi mbili ni mwizi. Nasema tukipanga mshahara wa mtu kwa kazi ya kutunga sheria na kukagua pesa za gavana, halafu tukamdai afanye kazi ya kutugawia pesa, hiyo pesa ataitafuta mahali.

Mhasibu_Zamani

Shangazi umesema kweli na naiheshimu. Wengi wa waliokuwa wakija dirishani kwangu kuharakisha mileji walikuwa wamesimamiwa na mtu nje anangoja mchango. Niliwaona. Lakini mbona nesi naye ana ndugu na jirani na harambee na haongezi vikao? Shilingi ya posho ya uongo inatoka kwa dawa za zahanati ya wadi hiyo hiyo, mimi nilikuwa naona pande zote mbili za kitabu.

Nyakio_wa_Chama

Shangazi umenigusa manake sisi wenyewe kwa chama tulikuwa tumeshaanza kusema akishinda atatununulia hema na viti. Nitalisema hilo kwa mkutano, litauma lakini nitalisema.

Swali la mwisho kabisa halafu niwaache mpumzike. Hayo maoni ya SRC, mtu wa kawaida anatoa vipi? Anaenda Nairobi?

Karani_Mstaafu

Huhitaji kwenda Nairobi. Wakiwa na mapendekezo wanatangaza kwa magazeti na kwa tovuti yao, wanaweka tarehe ya mwisho na anwani ya kutuma barua ama barua pepe. Shida ni kwamba muda huwa mfupi na tangazo linakuwa ukurasa wa ndani, kwa hivyo kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 mchague mtu mmoja kwa chama kazi yake iwe kuangalia hilo tangazo tu. Andikeni kama kikundi, wekeni jina la chama, mko wangapi, mnafanya kazi gani. Msiandike "wanalipwa pesa nyingi punguzeni," hiyo wanapata kwa magunia. Andikeni kiti gani, malipo gani, na sababu. Kwa mfano, posho ya kamati iwe na kikomo kwa mwezi, ama mileji ilipwe kwa safari iliyothibitishwa na sio kwa safari iliyoandikwa. Jambo moja lililoelezwa vizuri linazidi kurasa kumi za uchungu.

Na msisahau upande wa kaunti. Bajeti ya bunge la kaunti nayo inaitiwa maoni ya wananchi kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Kiwango mtakiandikia SRC, hesabu ya vikao na safari mtaiulizia huko kwenu, ombeni waonyeshe fungu la safari na fungu la kamati za mwaka uliopita. Mwenzenu akitaka kujifunza kazi ya MCA kabla hajaipata, aanze na kikao hicho.

Mhasibu_Zamani

Hapo kwa fungu la safari mkifika mkaambiwa kitabu hakiko, ombeni kwa maandishi na mpigiwe muhuri wa kupokelewa. Nimekaa upande ule wa dirisha, karatasi yenye muhuri haipotei kirahisi.

Nyakio_wa_Chama

Nimerudi kuwapa ripoti, mkutano ulikuwa jana. Niliwasomea yote, hata ya stoo, kulikuwa kimya kabisa. Mama mzee aliniomba nirudie hiyo 154,481 mara mbili ndio aandike kwa daftari lake, halafu akamgeukia mwenzetu akamwambia, "Basi hiyo ndiyo unaomba, si zaidi." Mwenzetu akasema ndiyo.

Ya hema na viti ilileta maneno. Wawili hawakufurahi. Lakini tumekubaliana hatutamwomba, tutachanga wenyewe mia mbili mbili kila mwezi.

Na tutaandika barua. Tumechagua posho za kamati, hiyo moja tu, na huyo anayetaka kusimama ndiye ameomba aandike rasimu yeye mwenyewe na atie sahihi ya kwanza. Mhasibu kama hutajali nitakutumia uisome kabla hatujaipeleka.

Mhasibu_Zamani

Nitumie. Nitaisoma usiku huo huo.